Ruzuku ya Asiye na Ndugu

Wakati huo serikali ilitoa ruzuku kwa mtu asiye na ndugu tu, maana ndugu alihesabiwa kuwa mali. Tunu, fundi wa nguo pale Korogwe, aliomba akakataliwa kwa sababu mama yake alikuwa hai.

“Nikane, mwanangu,” mama alimwambia huku akimenya ndizi. “Ni maneno tu. Tutakula nini?”

Tunu akaenda ofisini, akaiambia mashine ya kupokea maombi kwamba hana mama. Jioni ruzuku iliingia, naye akanunua cherehani ya umeme. Waliishi vizuri, ila mbele za watu alimwita mama yake “jirani”, kwani angegundulika wangemnyang’anya kila kitu.

Mwaka uliofuata mama aliugua kifua. Tunu alimfikisha wodini, akasimama kando ya kitanda na chupa ya uji.

“Bibi, huyu ni ndugu yako?” muuguzi aliuliza.

Mama alimtazama Tunu.

“Hapana,” alisema. “Mimi sina mtu.”

“Basi dada, toka nje. Wanaobaki na wagonjwa mahututi ni ndugu tu.”

Tunu alimwachia muuguzi uji, akatoka bila kuaga.