Mstari Usio na Mwenzake

Muzdalifa alibonyeza kitufe, programu ikazunguka kidogo, kisha majina mawili yakajitokeza pamoja: Talal Zahran na Yusra Shaame. Aliyewanyonyesha: Ghaliya Sleiman. Na hina ya Yusra ilikuwa haijakauka vidoleni.

"Hebu rudia," alisema Bi Dalal, mkuu wa ofisi.

Akarudia. Kompyuta haina haya wala huruma. Jawabu likawa lile lile.

Nyumba ile ya uzazi waliyofanyia kazi, ndani ya vichochoro vya Mji Mkongwe, ilikuwa na utaratibu wake tangu zamani. Mtoto ambaye mama yake hana maziwa, au hajiwezi, alitafutiwa mwanamke mwengine amnyonyeshe, na jambo hilo likaandikwa, maana walionyonya ziwa moja ni ndugu, na ndugu hawaoani. Mchwa walipoanza kuzila daftari, Muzdalifa akapewa kazi ya kuziingiza kwenye kompyuta. Akatengeneza majedwali mawili, moja la watoto na jengine la wanawake walionyonyesha. Programu hulinganisha nambari za huku na za kule, ikatoa ripoti, na wazee wengi hawaozeshi mpaka waione.

Sasa tazama roho ya binaadamu ilivyo. Talal alinyonya kwa Bi Ghaliya, hilo kweli. Lakini Yusra alinyonya kwa Bi Wanu, mwanamke mwengine kabisa. Muzdalifa alimpenda Talal tangu skuli, akazidi kumpenda hata siku alipokuja ofisini na Yusra kuomba ripoti ya kuoana. Wivu ukampanda. Akawapa viti, akawatania kidogo, akawaambia ripoti itachelewa, waendelee tu na matayarisho yao. Walipotoka akaifuta nambari ya Bi Wanu kwenye jina la Yusra, akaweka ya Bi Ghaliya. Wanawake wote wawili walikwisha kufa. Daftari yenyewe akaipeleka jaani kwa mkono wake.

Na kwa vile alikuwa mtu wa kazi safi, akausafisha na mstari mmoja uliokuwa ukimkera siku nyingi. Kwa Bi Ghaliya palikuwa na mtoto mwengine, asiyelingana na yeyote kwenye jedwali la watoto. Pameandikwa tu: wa kike, jina bado. Kila akitoa ripoti mstari ule ulibaki peke yake, kama kiatu cha mguu mmoja. Akaufuta, akaenda zake kunywa chai.

Basi harusi ikavunjika, mapishi yakagaiwa majirani. Muzdalifa alikwenda kumpa pole Yusra, aliyekuwa rafiki yake. Alikaa naye kitandani, akamfuta machozi kwa ncha ya mtandio wake, akamwambia amshukuru Mungu yamejulikana mapema, kabla hawajazaa. Yusra, masikini, alikuwa ameikwangua hina yake kwa kisu mpaka ngozi imetoka. Akamshika shoga yake mkono kwa vidole vile vyenye vidonda, akamwambia hana dada mwengine duniani ila yeye. Muzdalifa alipotoka pale alipita Darajani akanunua udi, wake mwenyewe, wa kuweka.

Talal naye akawa haishi kuja ofisini. Kila akija anataka programu irudiwe, labda imekosea. Muzdalifa akairudia bila kuchoka, akampa chai, akamsikiliza. Miezi ikapita. Maneno ya Yusra yakapungua, chai ikaongezeka, na siku moja Talal hakuuliza tena habari ya ripoti. Alisema mama yake anataka kwenda Bwejuu kuwaona wazee wa Muzdalifa.

Siku ya posa nyumba ilinukia udi ule ule. Muzdalifa alikaa chumba cha ndani, nyuma ya pazia, moyo unamdunda kwa furaha. Hakuwa na wasiwasi. Yeye alijijua ni mtoto wa Bwejuu, na ripoti yake aliitoa mwenyewe, jina lake halikulingana na la mtu yeyote. Ukumbini mama yake, Bi Tahiya, alikuwa anawakaribisha wageni kahawa. Bi Badriya, mama yake Talal, aliipokea lakini hakuinywa.

"Ripoti nshaiona," alisema. "Lakini mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Nataka nisikie kwa mdomo wako, Bi Tahiya. Huyu binti alinyonya kwako?"

Nyuma ya pazia Muzdalifa alitabasamu, akajitengeneza mtandio.

"Kwangu mimi, mpaka alipotimia miaka miwili," alijibu mama yake. "Ila zile siku za mwanzo tu, nlipojifungulia kule mjini nikawa sijitambui. Hapo alinyonyeshwa na mama mmoja mwema sana, Mungu amrehemu, akiitwa Ghaliya. Baba yake alikuja kutuchukua kabla ya siku ya saba, mtoto hata jina bado."