Birika la Viraka

"Aliyeliziba hili alikuwa kipofu?" mama aliuliza, akimsukumia fundi birika la chuma. "Hebu ona viraka! Saba!"

Fundi aliinua macho kutoka mezani. Alikuwa karani mstaafu. Kuunganisha vyuma kwa shaba alikuanza kama mchezo tu, katika banda la nyuma ya nyumba. Kigoda cha mteja alikuwa amekwisha kukipangusa tangu asubuhi.

"Alikuwa bado anajifunza," alisema. "Keti, mama."

"Fanya haraka, fundi. Mume wangu anarudi leo kutoka safari. Nataka akute chai."

Tundu lilikuwa dogo, la mviringo, kando kabisa ya kiraka cha mwisho. Fundi alipasugua kwa msasa hadi chuma kikang'aa, akapaka dawa ya kusaidia shaba ishike, kisha akawasha gesi. Hakuharakisha hata kidogo. Alikipasha moto chuma chenyewe mpaka kikawa chekundu, ndipo akakigusisha waya wa shaba, nao ukayeyuka na kujaza tundu.

"Shaba ikishika hapa, haiachii."

"Basi viraka saba vya nini?"

Fundi alizima gesi. "Mumeo ni mtu wa namna gani?"

"Mkaidi huyo! Chai isipomuunguza ulimi, anasema imepoa." Mama alicheka, halafu akanyong'onyea. "Nimemkumbuka, fundi. Nimemkumbuka mpaka kifua kinauma."

Fundi alirudisha miwani ya kazi machoni ingawa moto ulikwisha zimwa. Machozi yalikuwa yakimlenga. Kazi ilikuwa imekwisha, na sasa mama angeondoka bila kugeuka nyuma, kama kawaida yake.

"Likivuja tena, niletee."

"Mungu apishe mbali!" mama alisema kwa kicheko, akaenda zake akiburuta ndala.

Mchana, mama alipokuwa amelala, fundi aliingia jikoni bila kubisha hodi. Mezani palikuwa na vikombe viwili vya chai, vimefunikwa. Alikunywa kimoja. Chai ilikuwa imepoa. Akachukua birika, akaliweka juu ya taulo, na kwa nyundo aliyoiviringishia kitambaa akalitoboa kwa msumari, kando ya kiraka cha nane.

Kisha akavua viatu, akajilaza taratibu upande wake wa kitanda, asije akamwamsha mkewe.