Kunguru Kakataa Tena

"Kakataa tena," mhandisi alisema, akaifunga kompyuta kwa kishindo hadi vikombe vikaruka mezani.

Hakuna aliyeuliza nani. Nyumba nzima ilimjua Kunguru, mkaguzi aliyejipachika jina hilo mtandaoni, kwenye ukumbi ambao yeyote mwenye ujuzi huruhusiwa kukagua kazi za wenzake kwa jina alitakalo.

Mhandisi alikuwa ameandika maelezo ya chipu ya kugawa umeme: waya upi unakwenda wapi, kila tundu linatoa volti ngapi. Yakipita, programu yake ya kuiendesha chipu inapokelewa, na kampuni ya mji wa mbali inamwajiri. Yasipopita leo, kiti chake anakikalia mwingine.

"Safari hii kaona nini?" Wifi yake alivuta kiti karibu. Umbeya wa namna hii haumpiti.

"Eti nimeeleza programu badala ya chipu. Jana nukta haikumpendeza. Mtu mzima na ndevu zake, anagombana na nukta."

"Huyo hana mke. Mwanamume mwenye mke hapati muda wa kudonoadonoa kazi za watu."

"Na kama anaye, mke huyo ana kazi," mume wa mhandisi akadakia, akiingia na birika la chai. Naye alikuwa fundi wa programu, na kwa kumtukana Kunguru hakuna aliyemfikia. "Bure kabisa yule. Mimi ningeshaachana nao zamani, mke wangu. Kwani hapa nyumbani unakosa nini?"

"Mshahara," wifi akajibu kwa niaba.

Mume alicheka kidogo, akamimina chai.

Mhandisi alifungua tena kompyuta, akarekebisha palipolalamikiwa. "Nafikiri niongeze na maelezo ya pini ya joto," alisema. "Ile inayozima umeme chipu ikichemka."

"Ongeza," mume alisema. "Usimwachie pa kushika." Akajishika kichwa, akasema kinamgonga, akaenda chumbani kujilaza.

Mhandisi aliandika sehemu ya pini. Wifi akamchungulia begani, akasonya.

"Ya nini kumwongezea kunguru mahindi? Imeombwa?"

"Haikuombwa."

"Basi futa."

Akafuta, akatuma. Chai haikuwa imepoa jibu lilipoingia, nalo lilikuwa fupi, la mtu anayejibu huku akipiga miayo: *Maelezo ya pini ya joto ni ovyo. Rudia yote.*

Mhandisi alilitazama jibu lile kama mtu aliyekuta mende kwenye mchuzi. Hakutukana. Aliandika palepale, mbele ya ukumbi mzima: *Katika nilichotuma hakuna pini ya joto. Mkaguzi amesoma nini?*

Msimamizi mkuu wa ukumbi alikuwapo. Alisoma mwenyewe, akapitisha, na akamwambia Kunguru kwamba asiyesoma asikague.

Wifi alipiga kigelegele hadi jirani akagonga ukuta. "Unaenda, wifi yangu, unaenda! Kaaibika mbele za watu, mjinga yule." Akajifuta machozi ya kicheko. "Lakini hebu niambie, hiyo pini ya joto aliisikia wapi?"

Mhandisi hakucheka. Alikuwa anautazama mlango wa chumbani, na mwanga wa buluu, kama wa simu, uliokuwa ukichezacheza chini yake, kisha ukazimika.