Kijani Chini ya Nyeupe

Tangu asubuhi, kila mke alipomuuliza rangi ya kupaka chumbani, mumewe alikuwa na jibu moja tu. Krimu? "Yoyote." Kijivu? "Yoyote tu, mke wangu."

Chumba chenyewe kilikuwa kidogo, ukijinyoosha kitandani unapiga teke kabati.

"Chumba kama hiki," alisema fundi rangi huku akipiga msasa, "milango ya kabati ifanane na ukuta. Utasahau kama ipo."

Mlangoni mwa kabati, chini ya rangi nyeupe ya zamani, kikaanza kuchungulia kijani, kibichi kama jani changa la mgomba.

Mume akaweka kikombe chini. Akasogea, akabandika kiganja pale pale, taratibu, kama anayepima homa ya mtoto.

"Hii aliichagua marehemu," alisema. "Tulibishana wiki nzima. Mimi nilitaka buluu."

Mke akajikaza kisabuni. Picha ya marehemu, mke wa kwanza, ilikuwa sebuleni, naye aliifuta vumbi kila Ijumaa. Mawifi walimlinganisha naye mchana kweupe, akacheka nao. Hayo yote aliyameza. Lakini wiki nzima? Yeye hajawahi kubishiwa hata rangi ya ndoo.

"Usijali, mama," fundi alisema. "Krimu itafunika vizuri."

"Usifunike," mke alisema. "Hapa hapapakwi kitu mpaka nione ubao. Nipe huo msasa."

Mumewe hakuondoa mkono.

Basi mke akaanzia kandokando ya vidole vya mumewe, akasugua.