Mboga ya Panya

Siku hizi kila nyumba ina panya wawili wa sheria. Unga wa mgao ukifika, wao wanaula kwanza siku tatu. Wakitulia, mnapika. Wakiumana, mnaurudisha, maana umekosa kile kirutubisho kinachotuliza ubongo.

Mimi nilishindwa kuwatazama wakila ugali mkavu. Kwangu hakuna anayekula bila mboga. Nikawapa kiganja cha maharage kilichobaki, wakalala wamekumbatiana. Nikatia dole gumba kwenye fomu, unga umepita. Sikujua kumbe ni maharage yaliyowatuliza, si unga.

Mboga imetuishia, tumeula kwa chumvi tu wiki mbili. Leo mchana wajukuu zangu, mapacha Kulwa na Doto, wanaume wenye ndevu, wamegombea kigoda. Kulwa akampasua mwenzake kichwa kwa mchi. Doto akamng'ata sikio, akalitema jivuni.

"Bibi, pisha hapo katikati," Doto akaniambia kwa upole, damu ikimchuruzika. "Mimi na huyu hatujamaliza."

Nikampokonya Kulwa mchi ili niufiche. Lakini ugali ule nami nimeula, na mkono wangu hautaki kuuachia.