Koo Lililotulia

Kwenye runinga mpya, ile filamu ya zamani ya nyimbo ilionekana safi mno, hata poda kwenye shavu la nyota wake ungeweza kuihesabu punje. Aliinua kidevu, akafungua mdomo, na sauti ikapanda, ikakaa kule juu bila kushuka.

Koo lake halikutikisika hata kidogo.

"Umeona, baba?" niliuliza.

Aliinama mbele, karibu na kioo. Tangu tukiwa wadogo, mama alikuwa akituambia kwamba aliyeimba mle si yule mrembo, bali ni yeye, akiwa nyuma ya pazia la studio. Tuliziita porojo. Baba ndiye aliyezidi: "Kama hiyo ni sauti yako, mama watoto, basi yule farasi anayempanda ni mimi." Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Kwenye mkanda wetu wa video uliojaa chenga, nani angejua?

Sasa mama hawezi tena kubisha. Madaktari walimwondolea uvimbe kooni, na sauti ikaenda nao.

Niligeuka kumwangalia kitini pake. Alikuwa amefumba macho. Chini ya kitambaa kinachoficha kovu, koo lake lilipanda na kushuka, neno kwa neno, na kila wimbo ulipotua kuvuta pumzi, naye alivuta.

Baba alikuwa anamtazama. Akachukua rimoti. Nilidhani ataizima runinga.

Aliongeza sauti.