Dereva wa Kathiawar

Mgeni alikuwa hajaigusa halwa, na Bi Kuruthum hakulinyamazia hilo.

"Huyu Mhindi anatuona wachafu," alisema kwa Kiswahili, huku akimmiminia kahawa na kutabasamu. "Au meno hana."

Rumaitha, mtoto wa kaka yake, hakucheka. Nyumbani kwao Izki, huko Uarabuni, Kiswahili ndicho kilichokuwa pazia lao mbele ya wageni, walilelewa hivyo. Mgeni akanyoosha mkono, akamega halwa, akala.

Alikuja kwa jambo moja tu, akamweleza Rumaitha kwa Kiingereza. Zama za Waingereza, babu yake aliendesha treni kwenye reli ya upana wa mita moja huko Kathiawar, India. Siku moja treni yake iliingia njia isiyo yake, ikaivaa treni ya abiria iliyosimama. Walikufa watu kumi na wanane. Ikasemwa dereva kapita bendera nyekundu. Akafukuzwa kazi, na aibu ile ukoo wake unayo mpaka leo. Mgeni alitaka ukweli, na kati ya waliokuwapo stesheni siku ile, kabaki mmoja.

Huyo mmoja alikuwa kitandani mbele yao: Babu Adham, baba yake Bi Kuruthum, miaka tisini na saba. Kazaliwa Unguja, akapelekwa India kwa ami yake akiwa kijana, akapata kazi ya kugeuza njia za treni, kabla ya kuhamia Izki. Siku hizi Kiarabu kimemtoka, kimebaki Kiswahili cha utotoni, na ukitaka akusikie sharti umwinamie.

Rumaitha akamwinamia, akamuuliza.

Babu akamshika mkono. "Dereva hakukosa," alisema. "Bendera ilikuwa kijani. Mimi niligeuza njia siyo, kisha nikaapa kuwa ilikuwa nyekundu. Mwambie, mwanangu, niutue mzigo huu kabla sijafa."

Mgeni aliacha kuandika, akawa anatazama zulia.

Bi Kuruthum akaweka dele la kahawa chini. "Usithubutu," alisema polepole. "Jina la baba lina watoto nyuma yake."

Rumaitha alitafuta moyoni mwake huruma, au hofu, au chochote, hakukuta kitu. Akatafsiri kwa sauti ile ile anayosomea fomu za watu ofisini: mzee anasema ni zamani mno, hakumbuki, anakuombea dua.

Mgeni akaitikia kwa kichwa. Akafunga daftari lake.

"Ushamwambia?" Babu aliuliza.

"Nishamwambia, babu."

"Kasemaje?"

Rumaitha alimtazama shangazi yake, kisha akainama tena sikioni. "Kasema kakusamehe."

Machozi yakamtoka mzee, akayaacha yateremke mpaka kwenye mto. Mgeni akainuka, akazunguka kitanda, akainama kwenye sikio la pili.

"Shikamoo, babu," alisema, kwa Kiswahili kilichonyooka. "Dereva wako alipofukuzwa alihamia Tabora, na mimi nimezaliwa huko. Kukusamehe, bado sijasema."